Chungulia na Bekari Iliyokatwa Katikati

Shangazi yangu hakuwahi kupita mbele ya mlango ulioachwa wazi kidogo bila kuingiza kichwa. Bibi, yaani mama yake, alimwita Chungulia tangu akiwa mtoto, na jina hilo likamganda kuliko lile alilopewa alipozaliwa. Akitumwa chumvi dukani, alirudi na chumvi na habari za stoo ya mwenye duka: kwamba huko nyuma kuna dirisha lililozibwa kwa mawe, na kwamba mwenye duka mwenyewe hajui nani aliliziba wala kwa nini.

"Nilikutuma chumvi au madirisha?" bibi alikuwa akimuuliza.

Mawazo yake yalikuwa bado kwenye lile dirisha.

Alipokua alijifunza cherehani, na kwa miaka mingi alishona katika chumba cha mbele cha jengo moja kuukuu katikati ya jiji. Alipima watu mabega huku akiwahoji wanaishi nyumba gani, ngazi zao ni za mbao au za saruji, na je, sakafu inalia wakitembea? Wateja wapya walidhani ni mpelelezi. Wa zamani walikuwa wamemzoea, wakamletea habari za vyumba vyao pamoja na vitambaa.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, sasa amestaafu. Sisi wote tunamwita Breki, kwa sababu hakuna jambo aliloambiwa akaacha kulipunguza mwendo kwanza. "Mke wangu," alimwambia mara nyingi, "iko siku utachungulia mahali, na wewe uchunguliwe."

Kisha macho ya shangazi yakaanza kumchezea. Uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano, na nguo za dukani zilikuwa zimeshawapunguza wateja. Asubuhi moja alikwenda kununua vifungo, akapita mbele ya ofisi za halmashauri ya jiji, akaona tangazo limebandikwa ukutani. Jiji limepata ruzuku ya serikali ya kupima majengo yote ya zamani ya katikati ya mji. Kila jengo litapimwa, lichorwe, lipigwe picha, iandikwe lilikuwa la nini, lina hali gani na linaweza kutumika tena kwa kazi gani. Wanatafutwa wapimaji kutoka miongoni mwa wakazi. Mafunzo yatatolewa.

Alirudi nyumbani bila vifungo.

"Yaani watu wanalipwa kuingia kwenye nyumba za watu?" Breki akauliza.

"Si kuingia tu. Kupima."

"Na kuchungulia."

"Hilo hawakuliandika," shangazi akasema, "lakini naliona limo humo ndani."

Msimamizi wa kazi alikuwa msanifu majengo, mwanamume mnene mwenye sauti ya taratibu. Siku ya usaili alimuuliza shangazi kwa nini anaitaka kazi hiyo. Wengine waliotangulia walikuwa wametaja maendeleo ya jiji na urithi wa vizazi vijavyo. Shangazi alisema, "Nataka kujua kuna nini ndani." Msanifu akacheka mpaka akavua miwani. Akamchukua.

Mwanzoni kazi ilimshinda. Alizoea kupima mwili wa mtu, futi ikiwa shingoni, lakini jengo halisimami wima ukiliambia, wala halivuti pumzi ndani. Katika duka la kinyozi alisoma tepu kinyume, na mchoro alioupeleka ofisini ukaonyesha chumba kirefu kuliko jengo lenyewe.

"Mama," msanifu akamwambia kwa upole, "huyu kinyozi wako amevuka barabara."

Akarudia. Akajifunza kupima kutoka pembe hadi pembe ili ajue kama chumba kimekaa sawa au kimepinda. Akajifunza kwamba ukuta mnene mara nyingi ndio wa zamani, na kwamba ufa unaokwenda kwa ngazi kati ya matofali una habari tofauti na ufa ulionyooka. Msanifu alimfundisha yote hayo bila haraka, naye akamchosha kwa maswali. Wakati mwingine mtu yule aliweka mikono masikioni na kusema, "Mama, nihurumie, acha nile kwanza."

Wenye majengo ndio waliokuwa kazi nyingine. Mtu akiona kitambulisho cha halmashauri na tepu, anafikiri kodi, anafikiri kubomolewa, anafikiri kunyang'anywa. "Serikali haiji kukupima mabega ili ikushonee shati," mzee mmoja mwenye ghala alimwambia kupitia upenyo wa mlango. Shangazi akamjibu kwamba yeye amewashonea watu mashati maisha yake yote, sasa amekuja kuuliza kuhusu ile nguzo ya chuma pale katikati: kwa nini ina tundu? Yule mzee akageuka kuitazama nguzo yake. Hakuwahi kuliona lile tundu. Mlango ukafunguka.

Msanifu alipenda kuwaeleza watu kwa nini fedha za umma zitumike kupima nyumba za watu. Alisema mtu anatafuta mahali pa karakana au zahanati, anaona jengo la zamani limefungwa, hajui paa likoje, hajui maji yanapita wapi, anaogopa. Anakwenda kujenga jipya nje ya mji. Lile la zamani linabaki na kufuli, mwisho wake linaanguka au linaangushwa. "Sisi hatumlazimishi mtu," alisema. "Tunawasha taa tu, watu waone."

Basi katika kuwasha taa huko wakafika kwenye bekari.

Ilikuwa jengo la matofali lenye ghorofa moja tu ya chini, refu, limesimama kwenye kona ya mitaa miwili, na juu ya mlango bado palionekana alama ya herufi zilizobanduliwa. Zamani mji mzima ulinunua mikate hapo. Mwokaji alipofariki aliacha watoto wawili, kaka na dada. Kaka alitaka wauze. Dada alitaka waendelee kuoka. Walibishana msiba haujapoa, maneno yakatoka ambayo hayarudi mdomoni, na wasuluhishi wakaona afadhali jengo ligawanywe. Likagawanywa katikati, toka mlangoni hadi ukuta wa nyuma.

Shida ilikuwa tanuri. Lilikuwa tanuri kubwa la matofali, lenye mgongo wa duara kama kobe, limejengwa huko nyuma katikati kabisa. Mstari wa mgawanyo ulipita juu yake. Mdomo wa tanuri ulibaki upande wa dada, bomba la moshi likabaki upande wa kaka. Mwenye mdomo hana pa kutolea moshi. Mwenye moshi hana pa kutia kuni. Tangu hapo halikuwashwa tena.

Kaka alifungua duka la rangi upande wake. Watu walimwita Bwana Rangi, na vidole vyake vilionyesha ni rangi gani imetoka wiki hiyo. Dada aliweka viti vya kukodisha, amevipanga mpaka darini, akaitwa Mama Viti. Milango yao ilitazama barabara moja. Walifungua asubuhi, wakafunga jioni, na kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kusalimiana.

"Wagombanapo ndugu, chukua jembe ukalime," Breki alionya shangazi aliposikia. "Wewe kapime, urudi. Usitie neno."

"Sina neno la kutia," shangazi akasema. "Nina tepu."

Upande wa Bwana Rangi alikaribishwa kwa adabu na ubaridi. Alipima kuanzia ukuta wa nje hadi ukuta wa mgawanyo, akazunguka makopo, akafika nyuma na kuliona tako la tanuri likitoka ukutani kama mtu aliyekwama mlangoni. Upande wa Mama Viti alipewa kiti, na kiti kingine cha kuwekea ubao wake wa kuchorea, na chai. Akapima vilevile. Kisha akatoka nje akapima upana wa jengo lote.

Jioni, ofisini, hesabu ikakataa. Ukichukua upana wa nje, ukatoa unene wa kuta za nje, ukatoa vyumba viwili vya ndani, kinachobaki ni unene wa ukuta wa katikati. Kilichobaki kilitosha mtu mzima kulala chali na kujinyoosha.

"Umesoma kinyume tena," msanifu akasema.

Shangazi naye alidhani hivyo. Kesho yake akarudia, mpaka Bwana Rangi akamuuliza kama jengo limeongezeka tangu jana. Hesabu ikakataa vilevile. Safari hii msanifu akaenda mwenyewe. Alipima, akagonga ukuta wa upande wa dada kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Akavuka, akagonga upande wa kaka. Aliporudi upande wa dada aliuliza, "Mama, huu ukuta ulijengwa na nani?"

Mama Viti, aliyekuwa akifuta viti, akajibu hapohapo. "Mimi. Walipotugawanya waliweka mabati tu katikati. Namsikia akikohoa, namsikia akihesabu makopo. Nikasema sitaki hata kikohozi chake. Nikaita fundi."

Msanifu alikuwa amekwishauliza hivyohivyo upande wa pili. Na Bwana Rangi alikuwa amejibu: "Mimi. Walituwekea mabati, nikachoka kusikia viti vinaburutwa. Nikajenga."

Shangazi alinisimulia kwamba wakati ule alihisi nywele za mikono zikisimama. Si kwa hofu. Ni ile hali iliyokuwa ikimpata tangu utotoni, mlango ukiwa wazi kidogo.

Juu ya tanuri zamani hapakuwa na dari, ili joto lipande. Dari za mbao ziliongezwa baadaye, kila mtu upande wake. Msanifu akasema kama kuna mahali pa kuona, ni kutoka kwenye mbao za paa, na mlango wa kupandia uko juu ya viti vya Mama Viti. Yeye mwenyewe mbao zisingembeba. Akashika ngazi. Shangazi akavua viatu, akafunga kanga kiunoni, akachukua tochi, akapanda. Mimi sikuwepo, lakini namwona.

Msanifu akapaza sauti kutoka chini. "Unaona nini?"

"Vumbi."

"Na nini?"

"Ngoja." Mbao zikalia. "Mabati."

"Ya paa?"

"Hapana, haya yamesimama. Yamesimama katikati, peke yake. Huku kuna ukuta, na kule kuna ukuta mwingine. Hakuna hata mmoja unaoyagusa. Pande zote mbili kuna nafasi, mtu anapita bila kujibana."

Msanifu akafikiria tanuri kwanza. "Angalia mgongo wake. Una ufa?"

Tochi ikatembea. "Sioni. Umekaa vizuri. Kuna kiota cha ndege kwenye shingo ya bomba. Na kuna koleo la mbao, lile refu la kutolea mikate, limelala juu yake."

Chini, kitambaa cha kufutia kilikuwa kimeanguka kutoka mkononi mwa Mama Viti. "Ukuta mwingine upi?" akauliza. "Kule kuna mabati tu. Mimi ndiye niliyejenga."

"Naye alijenga, mama," msanifu akasema. "Nadhani kila mmoja wenu alikuwa nyuma ya mabati, hakumwona mwenzake."

"Nilisikia nyundo," akasema taratibu. "Nikadhani anatundika mashelfu."

Shangazi aliposhuka, uso umejaa utando wa buibui, alimkuta Mama Viti ameketi kwenye kimoja cha viti vyake, jambo ambalo inasemekana halifanyi kamwe kwa kuogopa kuvichakaza.

"Kutoka kwenye mabati mpaka kwenye ukuta wake," akamuuliza shangazi, "pana nafasi kiasi gani?"

"Sawa na ya kwako. Karibu sawasawa."

"Kwa nini aliacha nafasi?"

"Na wewe uliacha kwa nini?"

Mama Viti akatazama ukuta wake. "Nilimwambia fundi arudi nyuma. Akasema, mama, unapoteza eneo lako. Nikamwambia rudi nyuma, nisije nikasemwa kwamba nimemla kaka yangu hata unene wa tofali."

Utaratibu wa kazi ulisema kila mwenye jengo lazima aonyeshwe mchoro wa upande wake, aukubali au aukosoe. Utaratibu huohuo ulisema mpimaji asiingilie ugomvi wa wenyewe. Kwa hiyo shangazi alipoingia duka la rangi na mchoro mpya, alikuwa amebeba jibu la Mama Viti mdomoni kama mtu aliyebeba kaa la moto.

Bwana Rangi aliuweka mchoro kwenye kaunta, akaufuata kwa kidole. Wiki hiyo kidole kilikuwa cha buluu.

"Hii nafasi ya upande wangu naijua," akasema. "Niliiacha mwenyewe. Hii ya pili mmeitoa wapi?"

"Ipo, baba. Nimeiona kwa macho."

"Ukuta huu wa nani?"

"Wa dada yako."

Akainama zaidi. Aliupitisha mstari ule kwa dole gumba, akarudia, mpaka ukachafuka. Ule mchoro bado uko ofisini na doa la buluu. Msanifu alikataa uchorwe upya.

"Alikwambia kwa nini aliacha nafasi?"

Na hapo ndipo shangazi yangu, mtu asiyewahi kumeza habari tangu azaliwe, alipoimeza. "Mimi napima tu, baba," akasema. "Mlango wake uko hapo jirani."

Alirudi nyumbani akakaa, akamwambia Breki kila kitu, kwa sababu kumeza kabisa kungemuua. Breki akasikiliza mpaka mwisho bila kupunguza mwendo wowote. Kisha akauliza, "Sasa yule kaka, naye aliacha kwa nini?"

"Sikumuuliza."

"Hukumuuliza? Wewe?"

Hawakulizungumza zaidi, lakini nilipokwenda kuwatembelea wiki ile nilimkuta Breki hana raha. Swali lilikuwa limemwingia na yeye.

Bwana Rangi hakwenda kwa dada yake. Wala dada hakwenda kwa kaka. Wiki zikapita, kila mmoja akifungua na kufunga mlango wake. Shangazi alikwishahamia kwenye majengo mengine, ila kila siku alitafuta njia ya kupita kona ile, hata kama ilimpeleka mbali na alikokuwa akienda.

Kilichovunja kimya ni maonyesho. Ruzuku ilikuwa na sharti moja: kilichopimwa kisifungiwe kabatini. Halmashauri ikabandika michoro na picha zote katika ukumbi wake, ikawaita wenye majengo na yeyote anayetafuta mahali pa kufanyia kazi. Walikuja wengi kuliko ilivyotarajiwa. Mwenye karakana ya baiskeli alisimama mbele ya ghala la yule mzee, lenye nguzo yenye tundu. Na mtu na mkewe, waokaji mikate waliokuwa wakiokea uani mwao kwenye tanuri la pipa, walisimama mbele ya mchoro wenye doa la buluu, hawakuondoka.

"Hili tanuri lipo kweli?" mke akamuuliza shangazi.

"Lipo. Nimelichungulia kwa juu."

"Linafanya kazi?"

"Hilo muulizeni msanifu. Ila halina ufa, na ndege wamelipenda."

Msanifu akaeleza kwamba tanuri linaweza kuamka, bomba likisafishwa na kutengenezwa. Akaeleza pia kwamba kuna fungu dogo la ukarabati kwa majengo yaliyopimwa, lakini linatolewa kwa jengo zima, si kwa nusu tanuri. Wenye jengo wote wawili lazima wakubali.

Kikao kikaitishwa palepale bekari, mbele ya milango yao. Shangazi hakualikwa. Alitokea na tepu akidai kuna dirisha moja ambalo ana mashaka nalo. Msanifu alimtazama, akampisha.

Bwana Rangi alitoka kwake. Mama Viti akatoka kwake. Walisimama kama watu wanaongojea mvua iishe. Wale waokaji hawakujua watazame wapi.

"Shikamoo, kaka," Mama Viti akasema, akitazama barabara.

Mtu aliyekuwa amebeba ndoo akapita kati yao, akafika mbali, kabla ya jibu kutoka. "Marahaba."

Kisha kaka akasema, kwa sauti ya mtu anayelalamikia bei: "Kwa nini uliacha nafasi?"

"Na wewe kwa nini?"

"Nimeuliza mimi kwanza."

"Na mimi nimekuamkia kwanza. Sema."

Bwana Rangi akajikuna shingo, akaacha alama ya rangi ya kijani. "Watu wangesema nimekula sehemu yako."

"Watu gani?"

"Wewe."

Mama Viti akamgeukia kwa mara ya kwanza. Halafu akaanza kucheka, kicheko kibaya cha kukoroma, kama mtu aliyepaliwa. Kaka hakucheka. Alitoa leso, akajifanya anafuta vidole, lakini leso ilipanda usoni na ikakaa huko.

Usidhani walikumbatiana. Robo saa haikupita walikuwa wanagombana tena, safari hii kuhusu ukuta wa nani ubomolewe kwanza.

"Wako ndio umesimama mdomoni mwa tanuri, anza wewe."

"Wewe ndiye mkubwa. Mkubwa hutangulia."

"Kwenye kula ndio nilitangulia?"

"Enhe, hata kwenye kula!"

Msanifu akawaacha waseme mpaka wakachoka, kisha akawaeleza kwamba mgongo wa tanuri sasa umezoea kuegemezwa pande zote mbili, na kuta zote zikiondolewa kwa pamoja unaweza kuporomoka. Lazima uwekewe mihimili, na ubomoaji uanze upande wa mdomo, taratibu. Basi tanuri ndilo lililoamua, wala hakuna aliyeshindwa.

Dada aliongeza sharti lake moja: hatapangisha bekari ya baba yake kwa wageni yeye akae anahesabu viti. Ataingia ndani na kukanda. Mke wa mwokaji akasema walikuwa wanatafuta mkono wa tatu hata hivyo.

Kuwashwa kwa mara ya kwanza kulikuwa balaa. Ndege walikuwa wamehamishwa, lakini fundi aliacha tofali moja ndani ya bomba, na moshi wote ukarudi dukani kwa Bwana Rangi. Makopo yakawa meusi, na rangi nyeupe aliyokuwa ameifungua ikawa kijivu. Alipiga kelele mpaka mtaa wa pili. Siku kadhaa watu walinong'ona kwamba ukuta utajengwa tena. Haukujengwa. Tofali lilitolewa, rangi ya kijivu ikanunuliwa na mwenye kliniki ya meno, aliyesema ndiyo hasa aliyokuwa akiitafuta.

Sasa bekari inafanya kazi nyuma, na duka la rangi limebaki mbele upande mmoja. Bwana Rangi analalamika kwamba wateja wake wanasimama kunusa mikate, wanasahau walikuja kununua brashi. Hawajawa chanda na pete, yeye na dada yake. Wanazungumza, nusu ya mazungumzo hayo ni mabishano, na mengine ni kuhusu chachu. Lakini saa za asubuhi, unga ukiwa umeumuka, ni yeye anayekuja kushika lile koleo refu na kutoa mikate, kwa sababu dada yake anasema hakuna mwingine aliyefundishwa na baba namna ya kulizungusha.

Shangazi hapendi watu wadhani kila jengo lilipata bahati hiyo. Ukumbi wa zamani wa sinema, ambao aliupima kwa mapenzi kuliko yote, na ambao alitambaa chini ya jukwaa lake mpaka akararua kanga, ulibomolewa mwaka uleule. Mchoro wake upo, mzuri, na hauna tena kitu cha kuchora. Alikwenda kutazama nyundo zikifanya kazi, akarudi, na hakuuliza swali lolote mpaka siku ya pili. "Karatasi haizuii nyundo," alisema. "Ila angalau tunajua kilichoanguka."

Ruzuku iliongezwa, si kwa kiasi walichoomba, ila inatosha kufika upande wa mto, kwenye viwanda vya zamani. Wiki iliyopita alikuwa katika jengo lililokuwa kiwanda kikuu cha kufulia nguo za jiji. Chini ya sakafu alikuta mabomba mapana ya udongo yanayoelekea upande usio na mto wala mtaro, na hakuna aliyeweza kumwambia yanakwenda wapi. Alirudi nyumbani ameloa mpaka magotini. Breki alimtolea kiti na taulo, akamwangalia akijifuta.

"Yanaelekea upande gani?" akauliza.

"Upande wa soko."

"Soko liko juu, mke wangu. Maji hayapandi."

"Ndiyo maana nashangaa," shangazi akasema. Breki akafikiri kidogo, akaenda kutafuta viatu vyake vya mpira.